Kompyuta ya Mama Iko kwa Fundi

Manzese, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Kwa mwanangu Mudathir,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kifua hakikusumbui kwa upepo wa ziwa. Sie huku hatujambo, alhamdulillah. Bibi yako mzaa baba hajambo, ila miguu ndiyo ile ile, asubuhi anaitukana kwanza halafu ndiyo inakubali kutembea. Dada yako Nusaiba hajambo, anakusalimu. Mwanawe Aiman hajambo, kang'oka meno mawili ya mbele na kasema lazima mjomba aambiwe. Baba yako mdogo Badru hajambo, jana alikuwa hapa. Jirani yetu Zubeda hajambo, na kama uzima unapimwa kwa maneno basi yeye ni mzima kuliko sote. Mie mama yako sijambo, ni presha tu, na dawa nameza.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Mwanangu, simu unaikata. "Mama niko kazini, nitakupigia." Barua huwezi kuikata, labda uichane. Nusaiba ataipeleka stendi ya Mbezi, kwa Adelard wa ofisi ya vifurushi, itakuja na basi.

Sasa nikwambie. Lile gari lenu la matangazo ya kompyuta limefika huku kwetu, lile la kijani lenye spika na picha ya mwewe ubavuni. Jina la hizo kompyuta la Kizungu linanishinda, huku wote wanasema za Mwewe. Nilikuwa nakuna nazi nikasikia sauti yako. Nikaiacha nazi kwenye mbuzi, nikatoka na kanga moja mpaka barabarani, najua umekuja. Kumbe ni spika. Ukasema: "Mama yangu kaishia darasa la nne, na anaitumia. Wewe je?" Gari likapita, likaenda Tandale kusema hivyo hivyo.

Linapita saa nne na saa kumi. Siku hizi saa nne nakuwa mlangoni. Siyo kwa ajili ya kompyuta.

Ila mtaa umeyashika maneno yako. Zubeda kaja, kakaa, kanywa chai, kasema, "Shoga, na mie nataka kuiona hiyo unayoitumia." Mwanangu, mie sina kompyuta, unajua sina. Lakini ningesema sina, wewe ungekuwa muongo mtaa mzima. Nikamwambia iko kwa fundi. Akaweka kikombe chini, akasema, "Kumbe zinaharibika?" Hapo nikaona nimevuruga.

Jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu ni hili. Baba yako anatimiza mwaka. Tulisema hitima ya mwaka iwe kabla ya Ramadhani. Tangu ulivyokuja kwenye matanga, ukakuta keshazikwa, ukalala usiku mmoja ukaondoka, hujarudi. Badru anauliza, "Huyo mtoto anafanya kazi gani isiyo na ruhusa?" Nimemwambia nitakuuliza.

Nijibu upesi.

Mama yako,
Mwajabu


Mwanza
2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Ramadhani karim. Mie mzima, kifua kiko poa. Nisalimie bibi, sista Nusaiba, baba mdogo, na Aiman mwambie asiwe anapitisha ulimi pale kwenye pengo, meno yataota ya upande.

Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi karibu wiki tatu, walikuwa wanapiga ile namba yangu ya zamani. Chukua hii nimeandika nyuma ya bahasha.

Kuhusu tangazo mama, yale maneno siyo mie niliyeyatunga. Ofisi ndiyo ilitunga, mie walinichagua kwa ajili ya sauti. Ni lugha ya biashara tu. Hao wa Pete, washindani wetu, si ndiyo wanasema kompyuta zao zinakaa na chaji siku tatu, nani kashaona? Kila mtu anavutia kwake. Ukiulizwa wewe sema ipo, usieleze sana. Na hilo neno fundi naomba tuliache kabisa, mama. Kwenye biashara hii hilo ni neno baya kuliko yote.

Hitima kabla ya Ramadhani imeshapita, na nisingeweza, ulikuwa msimu wa vyuo kufungua. Tuweke baada ya Idi.

Nakutumia fulana ya kampuni na kofia.

Mwanao,
Mudathir


Manzese
20 Machi 2025

Mwanangu Mudathir,

Assalaam alaykum. Sie wazima na saumu zetu. Bibi yako tumemkataza kufunga, anafunga kwa siri, tunamkuta kaficha uji kwenye sufuria. Nusaiba anafunga. Aiman anafunga mpaka saa nne. Badru kaleta tende. Zubeda anakusalimu. Mie sijambo.

Fulana imefika. Ni kubwa, nalalia. Inanukia nailoni, nilidhani itanukia wewe.

Huku sasa ni vita. Wale wa Pete nao wameleta gari, jekundu, na lina muziki wa singeli. Linasema: "Mama anahangaika na Mwewe? Mvishe Pete." Basi wauza simu pale barabarani wamegawanyika kama Simba na Yanga, na hakuna hata mmoja mwenye kompyuta. Juzi nilipita kununua magimbi nikawasikia. Mmoja anasema, "Mwewe leo kala kifaranga cha nani?" Mwenzie anamjibu, "Bora mwewe anaruka. Hiyo pete yenu ya bati, ukivaa wiki kidole cheusi." "Cheusi kwako usiyeoga." Nikacheka na magimbi yangu. Kisha mmoja kaniona, kasema, "Muulizeni mama mwenyewe, huyu ndiye wa tangazo." Nikaondoka haraka.

Sasa wewe uliniambia niseme ipo. Mwanangu, nimefunga. Siwezi kusema ipo na haipo, halafu jioni niende kufuturu kwa tende. Nikafikiri usiku na mchana. Nikayashika maneno yako vizuri: umesema mama yangu *anaitumia*. Hukusema *anayo*. Basi, nikajisemea, nikaitumie, na neno la mwanangu litakuwa kweli.

Nikaenda kwa Bakari mwenye steshenari, pale anapotoa kopi za vyeti. Nikamwambia nifundishe kompyuta, kidogo tu, inayotosha kusema natumia. Nilikwenda na fulana yenu juu ya gauni nionekane nina nia. Nikakaa. Bakari akanitazama, akasema, "Mama, umevaa hirizi ya mganga huyu umekuja kutibiwa kwa yule." Kumbe yake ni ya Pete. Mie sikujua, sikuangalia alama. Nikataka kuinuka, akasema, "Kaa tu, haikuumi. Herufi ni zile zile."

Herufi ni zile zile, ila zimetawanywa kama mchele uliomwagika. Nilitafuta M mpaka miwani ikaingia jasho. Nimeandika jina lako lote, ila H ilikuja mara nyingi kwa sababu sikujua kidole kinatakiwa kuondoka. Bakari kakataa kuchukua hata mia, kasema ni sadaka ya Ramadhani.

Kwa hiyo nimetumia kompyuta. Ya adui, lakini ni kompyuta. Sijui kama kwa sheria zenu inahesabika. Nieleze.

Hitima nimemwambia Badru ni Mfungo Mosi, baada ya Idi kama ulivyosema. Nijibu upesi ili tumwambie Sheikh Abdulrahman siku.

Mama yako


Manzese
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Wote hawajambo, sitawataja leo, wako kama nilivyowaacha.

Idi imepita. Namba ile ya nyuma ya bahasha inaita, haipokelewi. Mfungo Mosi unaisha. Sheikh aliuliza siku, nikamwambia tunasogeza mpaka Mfungo Tatu. Badru kasema neno ambalo sitaliandika.

Nina jambo limenikalia kifuani. Gari lenu la kijani halipiti tena. Lilikata tangu wiki ya mwisho ya Ramadhani. Nilidhani limeharibika. Saa nne nikasimama, saa kumi nikasimama, siku ya tano Nusaiba kaniambia, "Mama ingia ndani, jua." Jekundu ndilo linapita peke yake, na sasa linasema hivi, nimelisikia kwa masikio yangu: "Hata ile ya mama wa tangazo iko kwa fundi."

Mudathir, hilo ni neno langu. Nililisema mie kwa Zubeda, Zubeda kalisema sokoni, sokoni wakalichukua wao. Nimekuvunjia kazi. Uliniambia hilo ndilo neno baya kuliko yote, na nilikuwa nimeshalisema kabla hujanikanya. Kama wamekufukuza kwa ajili ya mdomo wangu niambie, nitakwenda kwa hao wakubwa zako nieleze kwamba haikuharibika kwa kuwa haikuwapo. Nauliza ofisi yao iko wapi hapa mjini, mtu mmoja kasema Posta, mwingine kasema Mbezi Beach.

Kwa Bakari nimeacha kwenda. Nisije nikaharibu na kingine.

Usininyamazie. Hata ukinitukana, nitajua uko hai. Nijibu upesi.

Mama yako


Mwanza
18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Nisalimie wote.

Usiende ofisi yoyote, tafadhali. Hukuvunja kazi ya mtu. Mambo ya kampuni ni makubwa kuliko Zubeda.

Nimehama. Sasa niko na wa Pete, wamenichukua vizuri, wananipa kazi ya maana zaidi. Nilikuwa naipangapanga ndiyo maana sikupokea simu.

Kuna tangazo la televisheni linakuja. Ukiliona, usilichukulie moyoni. Ni maigizo tu.

Hitima ya Mfungo Tatu nitakuambia, ngoja niangalie ratiba.

Mudathir


Manzese
8 Juni 2025

Mwanangu Mudathir,

Assalaam alaykum na Idi mubarak. Bibi yako hajambo, kala nyama ya kuchinja mpaka tukamnyang'anya sahani. Nusaiba hajambo, kashona gauni la zambarau. Aiman hajambo, meno yameota, moja limekwenda pembeni. Badru hajambo, ndiye aliyeleta nyama. Zubeda hajambo, na kwake ndiko tulikokuwa jana jioni, sababu ana televisheni pana.

Tangazo likatoka. Uliniambia nisilichukulie moyoni, na sikulichukulia. Nakueleza tu ulivyoonekana. Umependeza. Shati jekundu linakukaa kuliko lile la kijani. Shingo imekuwa nyembamba, au ndiyo kamera zao.

Na huyo mama yako wa kwenye tangazo naye kapendeza. Kanga yake mpya, haijaingia majini hata mara moja, nimejua kwa ile mikunjo. Mwanzo anaigonga Mwewe kwa mwiko ili iwake. Watu wakacheka pale kwa Zubeda, na mie nikacheka. Sijawahi kugonga kitu kwa mwiko, ila ni maigizo, umeshasema. Halafu wewe unaingia na Pete mkononi, unamwambia, "Mama, sasa pumzika." Ni neno zuri hilo.

Zubeda kanigeukia. "Shoga, mbona mwanao kapata mama mwingine?"

Nikamwambia, "Huyo ni wa televisheni."

"Na wewe je?"

"Mie wa spika."

Wakacheka, ikaisha. Nikaomba maji.

Nina swali moja tu. Watu wote duniani wakimpa mkono mzazi wanabusu mgongo wa mkono. Wewe peke yako unaugeuza, unabusu kiganja, kwa kuwa ulivyokuwa mdogo nilikuwa naficha humo kipande cha kashata, ukakua ukaacha kashata, kiganja hukukiacha. Jana uliugeuza mkono wa yule mama. Ukabusu kiganja.

Hilo nani aliandika? Ofisi?

Mfungo Tatu ndiyo huu. Sijamwambia sheikh siku yoyote. Nijibu upesi.

Mama


Mwanza
29 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne.

Hilo hakuna aliyeandika. Yule anayeongoza kamera alisema, "Msalimie kama unavyosalimiaga kwenu." Nikamsalimia. Mkono ukageuka wenyewe. Kile kiganja kilikuwa kinanukia losheni, laini, hakina alama ya kisu cha nazi kama chako. Nikatoka, nikawaambia nimeingiwa na vumbi machoni. Walinisubiri robo saa. Ile unayoiona kwenye tangazo ndiyo ya mara ya kwanza, walisema ya pili haikuwa na moyo.

Nakwambia yote sasa, mama, halafu utaamua.

Mwewe walifunga duka la Mwanza mwezi wa kwanza. Kabla hujaandika barua yako ya kwanza. Ile namba ya zamani ilikuwa laini ya kampuni, waliichukua mwanzo wa mwezi wa pili. Kwa hiyo ulivyokuwa unasimama mlangoni saa nne kunisikiliza, mie nilishakuwa sina kazi, nauza chaja na spika za masikioni barabarani hapa mjini. Fulana ile niliyokutumia ndiyo niliyobaki nayo. Neno lako la fundi halikufanya kitu. Gari lenu la huko lilikata kwa sababu pesa ya matangazo ilikata. Usijitese kwa hilo tena.

Pete walinikuta barabarani. Mmoja aliisikia sauti yangu nikiita wateja, akasema, "Wewe si yule wa mama darasa la nne?" Wakanitaka kwa hilo tu. Niseme mama yangu amehama. Nikawaambia mama yangu yupo, wamchukue yeye mwenyewe. Nisingesema hivyo ningeweza kulala vizuri zaidi, kwa maana waliuliza picha yako, nikawapa ile ya harusi ya Nusaiba, wakaitazama wakasema tutafute mwingine, anayefanana na mama hasa. Niliichukua picha yangu nikairudisha mfukoni, sikusema kitu. Hapo ndipo ninapojichukia.

Na baba. Siku ile nilikuwa jukwaani, uzinduzi wa kompyuta mpya, simu walituambia tuziache kwenye kikapu. Nilivyoichukua jioni nikakuta umepiga mara kumi na saba. Nilikuwa naruka ruka na kofia ya yule ndege wa kampuni, mama, na baba anaoshwa. Baba mdogo anajua nilikuwa wapi. Alinitazama kwenye matanga.

Nikija, watu wataniuliza kompyuta ya mama iko wapi. Watanicheka, na hilo nitalibeba. Ila wewe umeshanisemea, watakucheka na wewe, na hilo ndilo linanirudisha kila nikifika dirisha la tiketi. Nimefika mara mbili.

Mudathir


Manzese, Dar es Salaam
11 Julai 2025

Kwa mwanangu Mudathir,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Bibi yako hajambo, leo miguu imekubali bila matusi. Nusaiba hajambo, barua yako kanisomea mara ya pili baada ya mie kuisoma mwenyewe, nilitaka kusikia kama inasema nilichokiona. Aiman hajambo. Badru hajambo, na yeye nimemsomea kile kipande cha baba yako, usikasirike. Alitoka nje akakaa kwenye baraza muda. Alivyorudi akasema, "Mwambie sikumtazama hivyo. Nilikuwa natazama amekonda."

Nianze na baba yako, sababu hilo nimetaka kukwambia kwenye simu mwaka mzima na nusu na hujanipa nafasi. Alifariki saa mbili asubuhi. Alizikwa saa kumi. Hata ungeipokea simu ya kwanza, ukatoka vile vile na kofia yako ya ndege, basi lingekufikisha kesho yake. Mwanza ni mbali, mwanangu, siyo kosa la mtu. Na mara kumi na saba zile sikupiga kukulaumu. Nilipiga kwa sababu sikujua nimpigie nani mwingine.

Pili, watu. Jana kwenye darasa letu la kina mama, tulivyomaliza Yasini, nikasema, jamani ngojeni, nina neno. Nikasema sina kompyuta. Sijawahi kuwa nayo. Haiko kwa fundi. Mwanangu alisema kisichokuwapo kwa ajili ya riziki, na mie nikakiongezea mkia. Juzuu ikanianguka mapajani.

Zubeda kasema, "Shoga, si tunajua. Fundi gani anakaa na kitu miezi mitano? Cherehani yangu ilikaa miwili nikamfuata na mjumbe."

Nikamuuliza, "Sasa kama ulijua, mbona ulisambaza?"

Kasema, "Nilisambaza kwa wasiojua."

Walicheka sana, sitakuficha. Wengine watacheka mpaka wiki ijayo. Nilikaa pale nikachekwa, nikamaliza kahawa yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Kwa hiyo hilo unaloliogopa kwa ajili yangu limeshatokea, na mimi nipo, nimepika, nimelala. Huna tena cha kunikinga nacho kwa kukaa mbali.

Tatu ni langu. Uliniambia nisilichukulie moyoni, nikakujibu sikulichukulia. Nililichukulia. Iliniuma, Mudathir. Iliniuma ulivyomwambia yule pumzika, sababu mie hujaniambia. Nilivyotoka kwa Zubeda nilikwenda chooni nikafungua maji yamwagike kwenye ndoo nisisikike. Sikuandikii ili ulie, naandika kwa kuwa na wewe umeandika ya kwako, na haipendezi mmoja aweke vyake mezani mwingine afiche.

Kazi yako usiiache kwa hasira. Ni kazi. Mwambie huyo mama wa tangazo namsalimu, sina neno naye, naye katafuta riziki.

Sasa hitima. Ni Ijumaa ya tarehe 25 mwezi huu, Mfungo Nne, baada ya swala ya Ijumaa, hapa hapa uani. Sheikh Abdulrahman keshakubali. Nimesogeza mara tatu kwa ajili yako, mara hii sisogezi, baba yako kasubiri vya kutosha. Badru amepanga kila kitu: nani atapika pilau, nani atakodi turubai, nani atasoma. Kabaki na nafasi moja, ya mtu wa kusimama mlangoni kupokea watu, kuwapa mkono mmoja mmoja wakiingia. Hiyo ni ya mtoto wa marehemu. Badru alitaka kujiandika yeye. Nimemwambia asiandike jina la mtu mpaka nikupate.

Kama huwezi kuja sema siji, nitampa Badru nafasi na sitakudai. Ila sema. Basi la Jumatano linaleta barua hapa Alhamisi, na Adelard kaniahidi atapiga simu kwa Nusaiba ikishuka tu. Niandikie hata neno moja, linatosha, nami nalisubiri. Nijibu upesi.

Mama yako,
Mwajabu